Damu Iliyopimwa Atlabara

Atlabara, Juba
4 Agosti 2024

Mwanangu Bilha,

Kuna jambo nimekuficha tangu mwezi wa tatu, na nalitanguliza mbele ya salamu kwa sababu nikianza na salamu nitapata pa kujificha tena. Damu ya mwanao Kiden ilipimwa hapa Juba kabla hujampeleka Nairobi. Niliitoa mimi, kwa mkono wangu, katika maabara yangu hii unayoijua.

Sasa nikusalimu. Hujambo, mama? Mtoto ameamkaje? Anakula, au bado anatapika kila kitu? Wewe mwenyewe unalala wapi, kwenye kiti au wamekupa hata godoro? Mimi, nikisema ni mzima, nitakuwa nimeongeza uongo juu ya ule niliokwisha kuutaja. Moyo umechoka. Miguu imevimba, viatu nimeviacha, natembea na kandambili kama kijana wa gereji. Daktari wa zahanati ya jirani alinisikiliza kifua, halafu akaniuliza kama nina watoto wanaoishi karibu. Nimefundisha watu kazi ya hospitali karibu maisha yangu yote. Najua swali hilo huulizwa lini.

Nakuandikia kwa karatasi badala ya kukupigia kwa sababu simu yangu inachajiwa dukani kwa mumeo Albino, kule Hai Mauna, na inarudi ikiwa imeshikwa na mikono ambayo siijui. Sisemi yeye anasoma. Nasema tu sijui. Barua hii ataibeba Linus, yule kijana wetu wa benki, ambaye huenda nyumbani Kenya kila mwezi. Nimeifunga kwa gundi na juu yake utepe. Ikifika bila utepe, niambie.

Ilikuwa hivi. Ulikuwa Kampala kwenye semina ya walimu. Albino alimleta mtoto kwangu, akasema tumbo limekuwa gumu chini ya mbavu. Nilipima malaria, hakuna. Kisha, kwa kuwa nilikuwa na vitendanishi, zile dawa za kupimia, vya AFP vilivyobaki, nikapima na hiyo. AFP ni protini inayotengenezwa na ini. Mtoto huzaliwa nayo nyingi, kisha hushuka kadiri anavyokua. Ikipanda tena kwa mtoto wa miaka mitatu, mtu hufikiria uvimbe wa ini. Kwa Kiden ilitoka ndogo, arobaini na kitu, juu kidogo ya kawaida. Umeme ulikuwa unakatika, vitendanishi vilikuwa karibu kuisha muda wake. Nikasema ni wengu, umevimba kwa malaria za zamani. Nikakosea.

Ndilo hilo. Nimelibeba vya kutosha.

Baba yako


Nairobi
19 Agosti 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua imefika, utepe upo, gundi ipo. Linus alinipa huku ananiangalia kama mtu anayetaka kuuliza ndani kuna nini.

Mimi ni mzima. Kiden amenyonyoka nywele zote, amebaki na kichwa kama yai, na anajivunia. Anamwambia kila mtu wodini kwamba sasa anafanana na babu. Dawa ya kwanza ilimtesa sana, ila sasa anakula uji na ndizi. Miguu yako inaniumiza moyo. Nani anakupikia? Nani anakukanda? Usiniambie unajitegemea, nakujua.

Baba, ulichonieleza nilikuwa nimeshakijua. Alinieleza Kiden. Nesi alikuja kumtoa damu, kama wanavyofanya kabla ya kila dawa, akawa anatafuta mshipa. Kiden akamvuta mkono.

"Wewe hujui," akamwambia. "Babu anatoboa hapa, si hapo. Na baba anashika mkono huu, anaimba."

Nesi akacheka. "Haya, profesa. Na mama huwa anafanya nini?"

"Mama hakuwepo," Kiden akasema. "Ni siri."

Unasikia hilo neno, baba? Siri. Mtoto wa miaka mitatu hajui neno hilo mpaka mtu mzima ampe.

Siku ile ile nikampigia Albino. Nikamuuliza kama alimpeleka mtoto kupimwa nyuma ya mgongo wangu. Akaniuliza kama mtoto amekula. Nikapaza sauti mpaka wamama wengine wakageuka. Akasema, "Bilha, uliza mzee." Nikamwambia asimsingizie baba yangu, mzee wa watu. Akasema, "Basi mimi hapana sema," akakata.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, na nijibu bila kuzunguka. Wewe ulikosea kwa mashine na umeme, hilo naweza kulielewa. Lakini nani alisema mimi nisiambiwe? Maana ningejua kwamba mtoto amepimwa uvimbe, hata kama majibu yalikuwa mazuri, nisingekaa mpaka mwezi wa saba. Ningempeleka apigwe picha. Mama wa mtoto yeyote angefanya hivyo. Kila nilipotaka kusafiri Albino alikuwa na neno: barabara mbaya, mvua, subiri, tumbo litashuka. Litashuka! Nani alimwambia litashuka? Na mama yake kule Rejaf alikuwa anamwita mtoto kila Jumapili, na Kiden anarudi amepakwa mafuta tumboni. Nikiyaweka pamoja naona watu waliokubaliana jambo, na mimi sikualikwa.

Nimewaambia askari wa wodi: baba wa mtoto akija, asiingie mpaka niseme. Usiniulize kama ni haki. Nataka kujua kwanza.

Binti yako,
Bilha


Atlabara, Juba
8 Septemba 2024

Bilha mama,

Marahaba, mara nyingi. Nimefurahi kusikia kwamba nimepata pacha wa kichwa. Mwambie Kiden kwamba upara wangu ulichukua miaka sabini kuupata, yeye amekwenda haraka mno.

Bahasha yako ilifika imefunguka pembeni. Huenda ni unyevu, huenda ni mkono. Linus anaapa kwamba hakuigusa. Sikumbishia, ila nilimtazama vizuri alipokuwa anaapa.

Unauliza nani ananipikia. Mchana, Lilly wa chai hapa nje huniletea mkate wa kisra na mchuzi. Jioni huja Albino. Sikutaka kukuandikia hili. Unajua sisi Wamaragoli: mkwe hamwoni baba wa mkewe bila shati, na mimi sikuwahi kulala hata mara moja chini ya paa lenu, hata ile siku ya mafuriko. Sasa huyo mkwe huchemsha maji, hufunga mlango, ananiosha miguu na mgongo. Mara ya kwanza nilikataa. Nikamwambia, "Mkwe, hii ni aibu kwetu." Akajibu na lile beseni mkononi, "Malesh, hapana kitu, mzee. Aibu hapana ua mtu. Kidonda inaua." Nikamwacha. Ninapooshwa huwa natazama ukuta. Yeye huongea habari za saruji na mabati, na mara nyingine mkono wake husimama mgongoni, nikahisi ananitazama. Anatazama nini, sijui. Juzi aliuliza, "Mzee, ile damu. Wewe iko hakika ile siku?" Nikajifanya nimesinzia.

Sasa swali lako. Nani alisema usiambiwe. Bilha, hayo ni mambo ya nyumba yenu. Baba mkwe hana mdomo ndani ya chumba cha watoto wake. Nikisema neno hapo, mila itanisuta. Waulizaneni ninyi wawili.

Nikusaidie ninachoweza. Watakupa namba ya AFP kabla ya kila dawa. Usiitazame namba moja peke yake. Namba moja inaweza kudanganya kwa njia nyingi. Tazama inaelekea wapi. Dawa ikifanya kazi, namba huporomoka, kama maji kwenye tangi lililotobolewa chini. Ikisimama, uliza. Ikipanda, piga kelele. Na wakibadilisha maabara katikati, usilinganishe kabla ya kuuliza, maana kila maabara ina mashine yake na vipimo vyake. Niandikie kila namba. Macho yangu bado yanaweza kazi hiyo.

Baba yako


Nairobi
2 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Wewe na mila yako! Ulivyoniozesha kwa mtu wa Rejaf aliyekulia kambini Uganda hukuitaja mila hata mara moja. Leo nakuuliza swali moja, umejificha nyuma yake kama mtoto nyuma ya pazia. Umenifanya nimwogope Albino zaidi. Kama angekuwa hana kosa, ungesema tu hana. Hukusema.

Alikuja. Najua umeshajua, kwa sababu jioni zile hukuwa na wa kukuosha. Alifika getini na begi la karanga na gauni la Kiden, askari akamzuia, naye Albino akanipigia. Nikamwambia aniambie jambo moja tu, nani alisema nisiambiwe, na mlango utafunguka. Akasema, "Mimi nilitoa mkono kwa mtu. Mkono haiwezi rudi." Mkono gani, baba? Ameapa kwa nani? Kwa mama yake? Nilikata simu. Nesi mmoja alimwonea huruma akampitisha bustanini, akasimama nje ya dirisha. Kiden alikuwa amelala. Alisimama pale mpaka walipomfukuza. Mimi nilikuwa ndani nikakigeuzia kioo mgongo. Sasa Kiden anaulizia gauni, lile aliloliacha kwa nesi, limetoka wapi, nimemwambia limetoka dukani.

Basi habari njema, maana ninayo. Namba! Tulipofika mwezi wa saba ilikuwa zaidi ya milioni moja. Baada ya dawa ya kwanza, laki nne. Baada ya ya pili, laki mbili. Na juzi, baada ya ya tatu, mia tatu na kumi! Mia tatu, baba, si laki. Mashine ya hospitali imeharibika, kwa hiyo damu ilipelekwa maabara ya nje. Daktari alicheka mpaka nikaona meno ya nyuma. Anasema dawa zimefanya maajabu, tuendelee na hizo hizo, upasuaji tuusogeze mbele bila haraka. Nililia chooni. Tumbo lake bado naliona gumu, lakini mimi si daktari.

Linus anaondoka kesho asubuhi, kwa hiyo naishia hapa. Furahi nami kidogo, hata kama tuna ugomvi.

Binti yako,
Bilha


5 Oktoba 2024, ujumbe wa simu

Bilha ni baba. Natumia simu ya Lilly. Barua nimeisoma sasa hivi. Usishangilie. Mia tatu na tumbo gumu haviendi pamoja. Waulize maabara ya nje kama waliizimua damu kabla ya kupima. Neno ni KUZIMUA. Leo.


5 Oktoba 2024, ujumbe wa simu

Shikamoo baba. Kuzimua ndiyo nini? Daktari ananitazama kama nimepandwa na wazimu. Anasema namba ikiwa ndogo ni ndogo tu.


5 Oktoba 2024, ujumbe wa simu

Mwambie hivi. Fikiria sinia za chakula kwenye arusi. Mashine haihesabu sinia. Inahesabu sinia iliyobebwa na watu wawili, mmoja kila upande. Sinia zikiwa za kiasi, kila moja inapata wawili wake na hesabu inakuwa sawa. Sinia zikifurika, kila mtu anabeba ya kwake peke yake. Wawili wawili hawapo. Mashine inaandika namba ndogo. Kwa hiyo damu yenye AFP nyingi mno inaweza kusomeka kama haina kitu. Dawa yake ni kuichanganya na maji ya chumvi iwe hafifu, upime tena, uzidishe. Wakikataa, kaa mlangoni kwao. Lilly anataka simu yake. Baba


Nairobi
17 Novemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Nimekaa wiki nyingi bila kukuandikia, na sikuwa na kisingizio cha Linus, alipita hapa mara mbili. Nilikuwa nangoja nijue ninachotaka kukuuliza. Natumaini miguu imepungua. Lilly aliniambia kwa simu kwamba sasa unalala umekaa, kwa sababu ukilala chali pumzi inakata. Alisema pia kwamba Albino amehamishia godoro lake maabara, chini, mlangoni pako. Sikumwuliza zaidi.

Kiden kwanza. Nilikaa mlangoni kwao kama ulivyosema. Waliizimua. Ile mia tatu na kumi ilikuwa laki saba. Laki saba, baba! Ilikuwa imepanda, uvimbe umezizoea zile dawa, na sisi tulikuwa tunakula keki wodini. Daktari alikuja kuniomba radhi mbele ya wamama wote. Wakabadilisha dawa wiki ile ile. Zimemchosha mno, kuna siku hakunitambua. Lakini zinafanya kazi, na sasa kila damu inazimuliwa nikiwa nauliza. Wiki iliyopita ilikuwa elfu tisa, ya kweli. Uvimbe umejikunja upande mmoja wa ini. Watampasua Jumatatu ya wiki ijayo, tarehe ishirini na tano.

Kwa hiyo umemwokoa. Daktari mwenyewe amesema. Bila ule ujumbe wako tungeendelea na dawa zisizofaa mpaka basi. Asante, baba. Naliandika hili kwanza ili usiseme nililisahau.

Sasa la pili. Mkuu wa maabara ya nje aliniita pembeni. Ni mtu mzima, ana mvi. Akaniuliza, "Mzee wako amesomea wapi? Vijana wangu hawajui jambo hili. Wanalisoma kwenye mtihani, wanalitapika, wanalisahau." Nikamwambia ulifundisha. Akasema, "Huyo ameshawahi kukutana nalo. Mtu hakumbuki jambo kama hili kwa kusoma barua mara moja, isipokuwa limemtokea."

Nilirudi wodini na maneno yake. Nimekaa nayo tangu hapo. Maana wewe ulipata arobaini na kitu kwa mtoto ambaye miezi minne baadaye ana zaidi ya milioni. Ulinieleza habari za umeme. Ulinieleza habari za vitendanishi vya zamani. Neno kuzimua hukulitaja hata mara moja, mpaka lilipokuwa kosa la mtu mwingine.

Baba, niambie. Damu ile ya mwezi wa tatu, uliizimua?

Nadhani najua. Nadhani ulisahau. Ulikuwa umechoka, moyo wako ulikuwa umeanza kuchoka, ukaona namba ndogo ukaipenda kama nilivyoipenda mimi. Baadaye ukakumbuka, na aibu ikakuzuia kusema. Ikiwa ni hivyo, sema nilisahau. Neno moja. Nitakusamehe siku hiyo hiyo, baba, umezeeka na kila mtu husahau. Daktari anasema Kiden angekuja mwezi wa tatu wangelikata ini kidogo na dawa chache zingetosha, lakini hata hilo nitalimeza.

Ila Albino sijui nimfanyeje. Hospitali wanataka mtu wa kukaa nami siku ya upasuaji. Kiden ameanza kumwita usingizini. Nikimfungulia na kumbe ndiye aliyenificha ugonjwa wa mwanangu, sitajisamehe. Nikimfungia na kumbe hana kosa, na mtoto asiamke Jumatatu ile, hilo nalo sitajisamehe. Nimebaki na wewe tu wa kuniambia. Nani alisema nisiambiwe?

Binti yako,
Bilha


Atlabara, Juba
21 Novemba 2024

Bilha mwanangu,

Marahaba. Barua hii sikuifunga kwa gundi wala utepe. Itabebwa na Albino. Nimemwambia aisome njiani au asiisome, apendavyo, lakini akupe wewe mkononi hapo getini, na askari amfungulie. Ndege yake ni ya kesho. Lilly atalala hapa na godoro lake. Usinihofie.

Naandika mistari michache, napumzika, naandika tena. Utanisamehe herufi.

Nianze na mumeo. Aliyesema usiambiwe ni mimi. Siku ile, namba ilipotoka, Albino aliuliza, "Mzee, hii iko mzuri?" Nikamwambia nzuri, ni wengu tu, tumbo litashuka. Nikamwambia, "Bilha usimwambie, atashtuka bure." Hakupenda. Alisema, "Yeye mama yake." Nikasema, "Na mimi ni baba yake." Nikamnyooshea mkono, nikamwambia anipe wake kama mkwe. Akanipa. Kwao na kwetu pia, mkono wa namna hiyo haurudishwi, nami nilijua. Kiden alikuwa anatutazama, nikamwekea kidole mdomoni, nikamfundisha lile neno. Mama wa Rejaf hakujua chochote. Alimpaka mjukuu wake mafuta kama bibi yeyote.

Kila Albino alipokuambia subiri, alikuwa anayarudia maneno yangu, kwa sababu alidhani mtu aliyesoma kama mimi hawezi kukosea juu ya damu ya mjukuu wake. Ulipoanza kumshuku nikaona limekaa vizuri. Nilikuandikia habari za mila. Mila haikuwa na kazi yoyote pale. Nilikuwa nangoja umchukie yeye, unipende mimi, nife. Aliporudi kutoka Nairobi, wala hakuniuliza kitu. Aliteleka maji, akaniosha. Nikamuuliza kama amemwona mtoto. "Kwa dirisha," akasema. "Yeye iko na kofia nyekundu. Analala mzuri." Akaendelea kuniosha miguu. Nikanyamaza hata siku ile, Bilha. Ujue umezaliwa na mtu wa namna gani.

Sasa swali lako jingine. Umenifungulia mlango, umeniambia niseme nilisahau, neno moja tu. Nimelitazama neno hilo siku nzima. Ni zuri, ni jepesi, na kila mtu angeliamini. Hata yule mwenzangu mwenye mvi angeliamini. Ningezikwa nalo na wewe ungelia vizuri.

Ila Jumatatu watampasua mtoto, na wewe utakaa na Albino kwenye benchi moja, na mtatafuta wa kumlaumu. Mkinikosa mimi mtalaumiana ninyi wenyewe. Kwa hiyo sisemi nilisahau.

Nikueleze nilivyokuwa. Tangu mama yako afe ulikuwa unapita hapa kila jioni ukitoka shule. Unafungua dirisha, unalalamika juu ya vumbi, unaniwekea chakula, unanisomea magazeti ya nyumbani kutoka kwenye simu yako. Sikuwa na kitu kingine. Daktari alikuwa ameshaniambia kuhusu moyo tangu mwezi wa kwanza, nalo hilo nilikuficha. Alisema sitaziona mvua kubwa. Nikafanya hesabu ya mtu mwoga. Mtoto akionekana ana uvimbe, Bilha ataondoka naye Nairobi, na hatarudi kwa muda mrefu. Nitakufa na mikono ya kukodi. Lakini mtoto akingoja kidogo, kidogo tu, nitakuwa nimekwenda, na Bilha ataliona tumbo mwenyewe, atampeleka, na hakuna atakayeniuliza. Uvimbe wa namna ile kwa watoto mara nyingi hutibika, nilijiambia. Miezi miwili haitamuua. Nilijiambia hivyo mimi, niliyewafundisha watu kwamba mtoto mwenye uvimbe hangojeshwi hata wiki.

Sikufa. Mvua zikaja, tumbo likakua, na mimi bado nilikuwa hapa nakula chakula chako. Kila jioni ulinikalisha mtoto mapajani, nikawa nalihisi lile tumbo gumu kwenye kifua changu, na sikusema. Ulipolia ukasema unampeleka Nairobi, nilikuambia usubiri mpaka shule zifungwe. Unakumbuka? Ulisema, "Baba, hata wewe?" Nikageuka upande wa ukuta.

Sikuombi msamaha, maana ukinipa nitaona umeutoa kwa sababu ya ujumbe ule wa simu, na ujumbe ule haufidii kitu. Nilijua cha kukuambia upesi vile kwa sababu yule mzee wa Nairobi amesema kweli: jambo hilo lilikuwa limeshanitokea.

Siku ile ya mwezi wa tatu, Albino alipoondoka na mtoto, sampuli ilikuwa bado iko mezani. Tumbo gumu, namba ndogo. Mikono yangu imezoea kazi kuliko akili yangu. Nikachukua maji ya chumvi, nikaizimua damu ya Kiden, nikaipima mara ya pili. Ilitoka zaidi ya milioni moja. Namba ile daktari wako aliyoiona mwezi wa saba, mimi niliijua mwezi wa tatu, kabla hujarudi kutoka Kampala.

Baba yako